Kuvuka Mokowe au Kupanda Darini: Shahada ya Biashara kwa Watu wa Lamu

Kila mwaka, kusi linapoanza kulegea na mwezi wa Septemba kuingia, gati ya Lamu huona msafara usiokuwa wa samaki wala wa boriti: vijana waliofaulu mtihani wa kidato cha nne kwa alama ya C+ au zaidi, kila mmoja na sanduku lake na godoro lililofungwa kwa kamba, na mama yake kando akivihesabu vitu kwa mara ya tatu, wakingoja mashua ya kuwavusha hadi Mokowe, wakapande basi liwapeleke Kilifi, Mombasa au Nairobi kutafuta shahada. Wengi wao, ukiwauliza wanakwenda kusomea nini, hukujibu: biashara. Kwa muda wa miaka mingi mlango wa elimu hiyo ulikuwa huo mmoja, na asiyevuka maji hakusoma. Leo upo mlango wa pili, usiomtaka mtu avuke wala afunge godoro, na watu wa pwani hii na visiwa vyake, kuanzia Amu hadi Kiunga, wamekabiliwa na hiari ambayo wazee wao hawakuwa nayo: waifuate shahada iliko, au waiite iwajie nyumbani kwa njia ya intaneti.

Jambo hili lataka kupimwa kwa mizani ya biashara yenyewe, kwani shahada, pamoja na heshima yake yote, ni bidhaa inayouzwa na kununuliwa; ina wauzaji wanaoshindana, ina bei iliyo dhahiri na bei iliyositirika, na ina hasara yake kwa mwenye kuinunua asiijue. Nimeona wazazi wakiuza shamba la minazi ili kumpeleka kijana chuoni, na nimeona watu wazima wakilipa karo ya mwaka mzima ya masomo ya mtandaoni, kisha wakayaacha kabla ya mtihani wa kwanza. Wote hao walihitaji nasaha mapema, wala hawakuipata.

Watu wa Lamu si wageni wa safari za elimu, walakini zamani safari hizo zilikuja kwao. Tangu Habib Swaleh alipoujenga msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20, wanafunzi wamekuwa wakiwasili kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki na bara yake, wakaketi mbele ya mwalimu, wakasoma kitabu mstari kwa mstari, na mwalimu asimpe mtu idhini ya kukisomesha mpaka amemsikia kwa masikio yake akikisoma sawasawa. Elimu ya tijara nayo ilipatikana kwa njia iyo hiyo ya kukaa karibu. Kijana alikabidhiwa kwa ami yake dukani, au kwa nahodha wa jahazi, akajifunza kuandika daftari la deni, kuhesabu boriti kwa korija, kuitambua iliyo nzima na iliyoliwa na wadudu, na kujua ni bandari gani ya Ghuba yenye haja ya miti mwaka huo. Boriti zilipopigwa marufuku kusafirishwa ng'ambo mwaka 1982, pamoja na fedha zilizopotea, kilikufa chuo kimoja cha biashara kisichokuwa na jengo wala cheti, ambacho kilikuwa kimelea vizazi kwa vizazi vya wafanyabiashara.

Masomo ya mbali nayo si jambo la jana. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasioyakanyaga madarasa yake mwaka 1858; chuo cha Afrika ya Kusini kijulikanacho leo kwa jina la Unisa kiligeukia masomo ya posta mwaka 1946; na hapa Kenya, kitengo cha masomo ya posta kilichokuwa Kikuyu, chini ya chuo kikuu cha Nairobi kilipokuwa bado chuo kishiriki, kiliwasomesha walimu kwa barua na kwa redio tangu miaka ya 1960. Mimi mwenyewe katika ujana wangu nalijiandikisha katika masomo ya uwekaji hesabu ya chuo kimoja cha ng'ambo. Masomo yalikuwa kumi na mawili, yakija kwa posta, yakichelewa majuma mengi, na karatasi zangu zikirudi zimesahihishwa kwa wino mwekundu baada ya mimi kuwa nimesahau nilichouliza. Somo la tano ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Hakuna aliyenikataza kuendelea, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeacha. Na kwa miaka yote hii nimeamini kwamba kukosa wa kuniuliza ndiko kulikonishinda, kuliko ugumu wa hesabu zenyewe. Msomaji anijalie nilitaje jambo hili mapema, kwa kuwa rai yote nitakayoitoa mbele imesimama juu yake.

Tuliangalie soko lenyewe. Muuzaji aliye karibu zaidi na mtu wa Lamu ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho watu wa pwani hukiita TUM. Asili yake ni Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojengwa kwa michango ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar na ya jamaa wa Kibohora pamoja na fedha za serikali ya Kiingereza, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa nia ya kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi waliyoikosa. Ikapita katika majina kadha wa kadha, ikatunukiwa hati ya chuo kikuu kamili mwezi wa Januari 2013, na sasa ina tawi hapa hapa Lamu. Anayekusudia kusoma na alianzie tawi hilo, aulize ni masomo yepi ya biashara yanayosomeshwa hapa mwanzo hadi mwisho, na ni yepi yatakayomlazimu baadaye kuhamia Tudor, Mombasa, ilipo kampasi kuu. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko Kilifi, kilipata hati yake wakati uo huo wa 2013, nacho kina fadhila ya kuwa njiani, kabla ya kufika Mombasa. Kisha kuna vyuo vya bara vilivyofungua matawi Mombasa, kama vile Kenyatta na Mount Kenya.

Upande wa pili wa soko ni wa mtandaoni, na huko wauzaji wameongezeka kwa kasi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kushiriki katika Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kilichoasisiwa na Benki ya Dunia mwaka 1997 na kurusha mihadhara kwa setilaiti. Leo kina idara nzima ya masomo ya mbali. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya vyuo vyote nchini, hata wahadhiri waliokuwa hawataki kuisikia habari hiyo walilazimika kusomesha kwa kompyuta. Kisha tarehe 3 Agosti 2023, Rais William Ruto akakitunuku hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, ambacho masomo yake yote yanafundishwa kwa mtandao na ambacho shahada ya biashara na ujasiriamali ni mojawapo ya zile kilizoanza nazo. Watanzania walitutangulia kwa miongo mitatu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na nitarudi kwake, kwa kuwa kina somo tunalolihitaji.

Huko Marekani mizani imeinama kiasi cha kuwashangaza wengi. Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha mwaka 2016 shahada ya uzamili ya biashara ya mtandaoni kwa karo ya dola 22,000 hivi, ambayo kwa kadiri ya bei za huko ni ndogo mno, na mwaka 2019 kikatangaza kwamba kinaifunga ile ya darasani. Wapo waliolichukua tangazo hilo kuwa ni hukumu ya mwisho juu ya madarasa yote duniani. Mimi silioni hivyo, kwa kuwa wanafunzi wa masomo yale wengi ni watu wazima walio kazini, wenye shahada ya kwanza tayari mkononi, walioyapitia madarasa miaka mingi iliyopita. Na kijana wa Kizingitini aliyemaliza kidato cha nne juzi ni mtu mwingine kabisa.

Mwenye kuuliza kwa nini biashara, wala si udaktari au ualimu, ataona sababu akisimama katika ufuo wa Lamu na kuutazama upande wa bara. Tarehe 20 Mei 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliifungua gati ya kwanza ya bandari mpya kule Kililana, miaka 9 baada ya jiwe la msingi kuwekwa mwezi wa Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Uhabeshi na Sudan Kusini. Gati 3 zimekwisha kujengwa. Wavuvi walioharibiwa maeneo yao walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikawapa watu wapatao 4,600 haki ya fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mambo hayo mawili, bandari na fidia, yamewafundisha watu wa hapa kwamba mwenye kujua mikataba, forodha, bima ya shehena na hesabu za kampuni ndiye atakayeketi mezani, na asiyejua ataitwa kupakia na kupakua. Ongeza serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 imekuwa mwajiri mkubwa na kila tangazo lake la kazi ya maana hutaja shahada. Ongeza na nyumba za wageni, ambazo tangu mji mkongwe kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001 zimekuwa zikinunuliwa na wageni wenye kujua kuziendesha, huku wenyeji wakibaki kuwa walinzi na wapishi katika nyumba za babu zao. Kaunti hii ilihesabiwa mwaka 2019 kuwa na watu 143,920. Watu wachache kama hawa hawawezi kumudu kuwaacha vijana wao nje ya hesabu.

Basi ni gharama gani anayoilipa mwenye kuvuka? Karo ni bei iliyoandikwa, na serikali hukopesha sehemu yake kupitia bodi ya mikopo ya HELB. Lakini kuna bei isiyoandikwa popote: kodi ya chumba Tudor au Kisauni, ambayo mwenye nyumba haipunguzi mwezi wa likizo, mkaa au gesi na unga, nauli ya basi na ya mashua kila sikukuu, na juu ya hayo yote, kazi anayoiacha nyuma. Kijana wa Faza au Ndau anayekwenda chuoni Septemba huondoka kabla ya kaskazi, nayo kaskazi ndiyo majira ambayo bahari ya nje hutulia, kamba na samaki wakubwa wakapatikana, na nyumba ikapata ya kulipia madeni ya kusi. Mikono miwili ya kijana katika miezi hiyo ni rasilimali, na kuikosa kwa miaka minne ni gharama ambayo mzazi huilipa bila ya kuiona katika karatasi yoyote ya chuo. Safari yenyewe nayo ina khofu yake. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu imekuwa ikilindwa na kukaguliwa, na ijapokuwa lami imeirahisisha sana, wazazi hawajasahau. Wala hawajausahau mwezi wa Aprili 2015, wanafunzi walipouawa katika chuo kikuu cha Garissa, ambako watu 148 walipoteza maisha.

Mwenye kubaki naye ana gharama zake, na asiyezijua hudhani kwamba kusoma nyumbani ni bure. Nalimtembelea mama mmoja kijana katika nyumba ya mawe huko Mkomani, mwenye watoto wawili na biashara ya kuuza madira na manukato kwa simu, anayesomea shahada ya biashara mtandaoni. Nyumba zetu hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta zake unene wa dhiraa nzima, zikizuia joto lisiingie, na hivi sasa zinauzuia mtandao vile vile. Simu iliyo hai barazani hufa ukiingia ndani. Kwa hiyo kila usiku, baada ya isha na baada ya watoto kulala, hupanda ngazi hadi darini, chini ya paa la makuti, akaitundika simu katika msumari aliougongomea kwenye boriti, mahali ambapo kwa kujaribu siku nyingi amegundua kuwa mawimbi yanafika, akaiunganisha na kompyuta yake kuukuu, na upande wake wa kuume akaliweka daftari la wateja wake wenye deni. Usiku ule mhadhiri alikuwa akieleza tafauti ya faida na fedha taslimu, jinsi duka linavyoweza kuandika faida na huku mwenyewe hana cha kununulia bidhaa. Picha ikakatika. Akaizima picha, akabaki na sauti peke yake ili aokoe bando, kwa kuwa saa moja ya darasa la picha huweza kula jigabaiti nzima. Akalifungua daftari lake la deni, akaanza kujumlisha waliochukua bidhaa tangu Shaaban na hawajalipa. Nalimwona akisita, akaandika jumla kwa kalamu nyekundu, akaizungushia duara.

"Maalim," akaniambia, "haya ndiyo anayoyasema. Mimi na faida, na mkononi sina kitu."

Sikuona darasa hata moja Mombasa ambamo somo lilimfikia mwanafunzi upesi namna ile. Mwenye duka asomaye jioni huijaribu elimu asubuhi yake, na kosa lake humgharimu fedha zake mwenyewe, jambo ambalo hakuna mtihani unaoweza kulifanya. Na mama huyu, lau si intaneti, asingalisoma kabisa. Hakuna mume, hata aliye mwema, wala mama mkwe, hata aliye na huruma, ambaye angemwambia awaache watoto miaka minne akakae Mombasa. Na wanawake walio katika hali yake katika Amu, Shela, Matondoni, Pate na Siyu ni wengi kuliko vijana wanaosimama gatini kila Septemba. Mjadala huu wa mtandao na darasa, unapozungumzwa mijini, huwa ni mjadala wa kipi kilicho bora. Kwa mwanamke wa visiwani ni mjadala wa kusoma au kutosoma, na nawaomba wanaume wenye kauli majumbani walitie jambo hili moyoni kabla ya kuidharau elimu ya simu.

Umeme umesaidia pia. Kabla ya ile laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai, kupitia Malindi na Garsen, mji wa Lamu uliishi kwa majenereta ya dizeli, na usiku wa kusoma ulikuwa ni bahati. Nyaya za intaneti zilizotua Mombasa tangu mwaka 2009 zimeshusha bei, na tangu Julai 2023 huduma ya setilaiti ya Starlink inauzwa nchini, kwa hiyo hata kisiwa kisichofikiwa na waya chaweza kupata mtandao, maadamu mwenye nyumba ana fedha za kununua chombo chake na kulipia kila mwezi. Upande wa Kiunga na vijiji vya mpakani mambo bado ni mazito. Mtandao huja na kupotea, na mwanafunzi wa huko hana budi kupakua masomo yake kila anapofika Lamu mjini.

Sasa niseme upande wa pili wa mizani, nao ni mzito. Elimu ya biashara nusu yake imo vitabuni na nusu yake imo katika watu uliosoma nao. Kijana anayekaa miaka minne Kilifi au Mombasa hutoka na cheti, na pamoja nacho hutoka na majina: yule aliyeajiriwa forodhani, yule wa benki, yule ambaye baba yake ana malori, yule mwenzake wa chumba kutoka Kitui ambaye kesho atakuwa mnunuzi wa samaki wakavu. Biashara ya pwani tangu zamani imekwenda kwa kuaminiana, na mtu hamwamini asiyewahi kula naye. Fauka ya hayo, kijana aliyekulia katika mji ambamo kila mtu ni jamaa yake hujifunza, akiwa ugenini, kujadiliana na asiye jamaa, kusimama mbele ya watu mia na kutetea hoja, kupewa kazi ya pamoja na watu wavivu akaimaliza hata hivyo. Haya hayafundishwi kwa skrini, au yakifundishwa hayakai.

Na kuna lile lililonishinda mimi. Wataalamu wawili walioyachunguza masomo ya mtandaoni yaliyotolewa na vyuo viwili vikubwa vya Marekani, Harvard na MIT, walichapisha mwaka 2019 kwamba katika kila watu 100 walioanza masomo yale hawakuyamaliza hata 5. Insafu yanitaka niongeze kuwa mengi ya masomo hayo yalifunguliwa kwa kila mtu bila malipo, wala si shahada zenye karo na mitihani, na mwenye kulipa hushika zaidi. Walakini sababu ya kuacha ni ile ile kila mahali: mtu yuko peke yake, kazi imemzidi, ameshindwa na somo la tatu, na hakuna mwenzake wa kumwambia kwamba naye limemshinda na kwamba jioni wataliangalia pamoja.

Hapa ndipo somo la Watanzania linapokuja. Chuo Kikuu Huria chao hakikuwapelekea watu vitabu na kuwaacha. Kilifungua vituo katika mikoa, hata Zanzibar, mahali ambapo mwanafunzi anamkuta msimamizi, anawakuta wanafunzi wenziwe na anafanyia mitihani. Na wale wa Uingereza, waliopata hati ya chuo huria mwaka 1969 na kupokea wanafunzi mwaka 1971, nao walitumia televisheni na redio na posta, huku wakiwa na walimu wa vituoni wa kukutana na wanafunzi ana kwa ana. Walioifanya kazi hii mapema waligundua mapema kwamba masomo ya mbali hufaulu yanapokuwa na mahali pa karibu.

Kuhusu ithibati nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi na wanaodanganyika ni wengi. Chuo chochote, cha mtandao au cha darasani, na kozi yake, sharuti viwe vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Orodha yao ni ya wazi, na mwenye kulipa karo kabla ya kuitazama ameitupa amana ya watoto wake baharini. Shahada ya nje ya nchi iliyopatikana kwa mtandao inahitaji kutambuliwa hapa kabla ya mwajiri wa serikali kuipokea, na kuulizia hilo ni kabla ya kujiandikisha, si baada. Wala mtu asiidharau njia ya tatu: bodi ya KASNEB, iliyoko tangu 1969, hutahini uhasibu wa CPA, na mtu aweza kuusomea popote alipo, kwa gharama iliyo chini ya ile ya shahada. Mwenye kutaka kuwa mhasibu wa ushirika wa wavuvi hahitaji kuanza na kitu kingine.

Rai yangu basi ni hii, nami naitoa nikijua kwamba baadhi ya wasomaji watanikataa. Kijana aliyemaliza shule, asiye na mke wala duka, ambaye hajawahi kushika fedha za mtu mwingine, na avuke. Na akope ikibidi, akaishi na watu asiowajua, kwa kuwa anachokikosa ni dunia, na dunia haiji kwa bando. Mtu mzima aliye kazini, mwenye duka, mashua au ajira ya kaunti, abaki asome mtandaoni. HELB wanao mkopo uitwao Jielimishe kwa walioajiriwa, na biashara aliyo nayo ndiyo darasa lake la vitendo. Mwanamke mwenye watoto naye abaki asome, na jamaa zake wampe saa mbili za usiku zisizokatizwa, ambazo ni haki yake. Anayeishi Muskat au Dubai kwa kibarua, naye anakusudia kurudi, aanze huko huko, akichagua chuo cha Kenya kinachotambuliwa hapa, ili atakaporudi asikute karatasi yake haisomeki.

Na hakuna hata mmoja katika hao wanaobaki anayefaa kuachwa asome peke yake darini. Mji huu haujapata kusomesha mtu kwa upweke. Chuo cha Kurani ni cha watoto wengi, darsa ni ya duara, na hata hesabu za duka zilisomwa barazani mbele ya wazee. Kinachohitajika ni kidogo: chumba kimoja chenye mtandao wa kudumu, meza kumi, umeme wa jua kwa siku za kukatika, na mtu mmoja mwenye shahada ya biashara anayelipwa kukaa humo jioni, akijua majina ya wanafunzi na kumtembelea asiyeonekana juma zima, na saa maalumu zitengwe kwa wanawake. Vyumba vipo. Madrasa nyingi hufunga milango yao baada ya magharibi, na kumbi za umma hukaa tupu mpaka kuwe na mkutano.

Naiomba serikali ya kaunti ya Lamu, naziomba kamati za madrasa na misikiti, na nawaomba wenye maduka na nyumba za wageni ambao kesho watawahitaji wahasibu na mameneja, wafungue chumba kimoja Lamu mjini na kimoja Faza kabla ya usajili wa Septemba ijayo. Yule mama wa Mkomani amebakiwa na mihula mitatu, na tayari ameniuliza kitafunguliwa lini.